Mgeni Hukaribishwa Kwanza

Mlango wa nyumba ya Mwalimu kule Makongeni, mjini Thika, ulikaa wazi mchana kutwa, umezuiwa na jiwe la kujengea lililomeguka pembe. Jua liwake, mvua inyeshe, vumbi liingie mpaka ndani ya sufuria, jiwe halikuondoka. Majirani walimwonya: "Mwalimu, siku moja utaamka hata viatu huna." Aliwajibu kwamba chumba kilikuwa na joto. Nilimwamini kwa miaka mingi. Kisha nikamtembelea mwezi wa Julai, Thika nzima ikiwa imevaa sweta, nikamkuta amejifunga blanketi mabegani na mlango uko wazi vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni joto gani hilo.

Alifundisha watu kuigiza bila maandishi. Wanafunzi waliliita somo lake impro. Yeye aliliita kujibu. "Mimi nafundisha kujibu tu," aliwaambia waliokuja mara ya kwanza. "Mtu akikuuliza, unajibu. Mkifika nyumbani mtaona ni watu wachache sana wanaojua."

Tulikutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa. Wengi walikuwa wanafunzi wa uigizaji wanaoishi Kahawa Wendani, vijana wa nywele za kila namna, wenye simu nzuri na njaa ya kudumu. Walikuja Thika kwa sababu waliokuwa wamewatangulia chuoni waliwaambia kwamba kuna mzee huko, hana cheti, lakini ukitoka kwake huogopi jukwaa tena.

Mimi sikuwa mwanafunzi wa mtu. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo miguu yangu haijapenda mahali pamoja. Siku niliyomwona kwanza nilikuwa nasukuma mkokoteni wa viti vya plastiki vya kukodisha. Nilikuwa naweka kiti cha mwisho ukumbini mzee mmoja mwembamba, aliyevaa koti la suti juu ya fulana ya mpira wa miguu, aliponiuliza:

"Hicho umemletea nani?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Hakuna aliyeniambia kwamba ni mchezo. Nikasema, "Mama yangu. Yuko nje anapangusa miguu."

"Mbona haingii?"

"Anasema viatu vyake vina matope, na nyinyi mmevaa vizuri."

Mzee akatoka mlangoni. Aliporudi alikuwa ameukunja mkono kama mtu anayemshika mwingine kiwiko, akitembea polepole, akingoja hatua za mtu ambaye hakuwepo. Akamketisha kwenye kile kiti. "Karibu, mama," akasema. Wanafunzi wakasimama mmoja mmoja wakamsalimia. Msichana mmoja akamuuliza kama safari ilikuwa nzuri.

Mama yangu alikuwa amekufa zamani. Nilikishika kile kiti kwa nyuma na sikutaka kukiachilia. Mkokoteni ulibaki nje mpaka mwenye viti akaja kunitafuta kwa matusi.

Basi nikawa mtu wa pale. Niliondoka na kurudi, nikaondoka tena, mara Namanga, mara Malaba, mara machimbo ya mawe, lakini kila nikirudi nilipitia ukumbini, naye hakuniuliza nilikokuwa. Alinionyesha kiti kwa kidevu.

Zoezi lake kubwa lilikuwa la mlango. Mmoja anatoka nje, mlango unafungwa. Walio ndani hawajui atarudi akiwa nani, na pengine yeye mwenyewe hajui bado. Anabisha: hodi. Walio ndani sharti waseme karibu kabla ya kuuliza ni nani, kisha wampokee kama huyo atakayesema kuwa ndiye. Akisema ni askari, ni askari. Akisema ni bibi yako, unamtafutia maji ya kunywa. "Mgeni hukaribishwa kwanza, huulizwa baadaye," alisema Mwalimu. "Hata kwenu ni hivyo. Mmesahau kwa sababu mna mageti."

Neno moja tu lilikatazwa: sijui. Ukisema sijui, ulitoka nje ukabishe upya. Kijana mmoja mrefu, hodari wa kusoma, alijaa nadharia kichwani na kila akiulizwa jambo la kawaida aliganda. Aliingia akiwa fundi wa bomba. Msichana aliyekuwa ndani akamuuliza, "Fundi, haya maji yameingiaje mpaka kitandani?"

"Ah... sijui, madam."

"Nje!" ukumbi mzima ukapiga kelele.

"Buda, umezima!" mmoja akamwambia akipita. "Wewe ni kama stima ya hapa Thika, tukikuhitaji unapotea."

Alitoka, akabisha, akaganda tena. Mvua ilianza akiwa nje. Aliporudi safari nyingine, maji yakimchuruzika, msichana aliuliza lilelile, na kijana akamtazama kwa chuki ya kweli: "Yameingia yakinifuata mimi. Tangu nizaliwe yananifuata. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama." Hakuna aliyecheka. Mwalimu akapiga kofi moja kwenye paja lake, basi, na hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa mtu.

Ulipoganda bila kusema neno lolote, alikukaribia akasema kwa sauti ya chini, bila ukali: "Jibu. Umeulizwa." Nimesikia maneno hayo kichwani mwangu katika vituo vya polisi na mbele ya wenye nyumba.

Kitu kimoja sikukielewa. Yeye hakuwahi kutoka nje kubisha. Aliingia katika kila mchezo, akawa padri, akawa kuku, akawa mke wa mtu mwenye wivu, lakini daima akiwa ndani. Na hodi ilipopigwa aliangalia sakafu, amekaza taya, mpaka aliye nje atamke ni nani. Hapo mabega yake yalishuka.

Watu hudhani kwamba mtu wa namna hiyo ni mwongo kazini na nyumbani. Yeye nje ya ukumbi alikuwa hawezi kudanganya hata katika salamu. Mama wa mboga alimuuliza, "Habari ya leo, Mwalimu?" naye akamjibu, "Si nzuri. Tumbo limeniuma upande wa kushoto, na jana nimemkosea jirani."

"Wũi, mimi nilikuwa nasalimia tu!" mama akasema. "Nikupe sukuma?"

"Nipe. Lakini ile ya jana ilikuwa na wadudu."

Alifundisha watu kutojua kitakachofuata, lakini maisha yake mwenyewe alikuwa ameyafunga kwa kamba. Chai ileile, kikombe kilekile, upande uleule wa barabara. Ukimsogezea redio inchi moja aliirudisha. Nilimwambia siku moja kwamba haishi anavyofundisha. Akacheka. "Daktari wa meno naye hula sukari," akasema.

Na alipenda kusimulia. Alikuwa amefanya kazi kiwandani zamani, akahamia kwenye vikundi vya kuigiza mashuleni, na kila kisa chake kilibadilika kila kiliposimuliwa. Leo msimamizi wa kiwanda alikuwa mnene mwenye huruma, kesho mwembamba na mkatili. Ukimkumbusha alisema, "Yule wa jana ulimhitaji jana. Huyu unamhitaji leo."

Kisa kimoja tu hakikubadilika. Alinisimulia mara kadhaa katika miaka hiyo, kila mara mchana, kila mara akiwa ameketi karibu na lile jiwe la mlangoni, na kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma. Kwa sababu hiyo nilijua kwamba ni cha kweli.

Kulikuwa na kijana aliyepakia mawe kwenye malori kule machimboni upande wa Ruiru. Alikuwa hana mtu. Aliokotwa mdogo katika stendi ya Thika, akalelewa katika makao ya watoto, na majina yake mawili alipewa hukohuko. Sasa alimpenda msichana wa watu, wakulima wa mashariki ya Thika, watu wa kanisa, na wazee wa msichana walisema: lete wazazi wako tuzungumze mahari. Kijana akasikia kuna mwalimu Makongeni anayeweza kuwa mtu yeyote. Akaja. Mlango siku hizo ulikuwa unafungwa kama milango ya watu wengine. Akabisha hodi.

"Nataka baba," akasema. "Kwa siku moja."

Mambo hayo hufanyika. Wapo wanaokodi wajomba na shangazi, na wakwe hujua na hunyamaza. Mwalimu hakukodiwa. Alikubali, kwa maneno yake mwenyewe, "kwa sababu hakuna mchezo duniani unaoupita ule." Nimewahi kushuhudia mazungumzo ya mahari, na ni kweli. Hakuna anayesema jambo kwa jina lake. Wageni husema wamepotelewa na mbuzi na nyayo zimewaleta hapa. Wenyeji huuliza mbuzi huyo ana rangi gani. Ukichelewa kujibu, umeshindwa.

Wakiwa njiani, kijana alimgusa mkono. "Mwalimu, wakiuliza kwetu, weka kisima. Nyuma ya nyumba. Mdomo wake umezungushiwa tairi la trekta. Maji yake ni baridi mpaka meno yanauma."

"Nikaona ni kijana mwenye kipaji," Mwalimu alisema kila mara mahali hapo. "Nikaona amebuni vizuri."

Na kweli wazee waliuliza. Baba wa msichana alisema, "Huyu mbuzi wetu amezoea maji safi. Kwenu atanywa wapi?" Mwalimu akajibu papo hapo: kisima, tairi, baridi, meno. Wazee wakaangaliana wakatikisa vichwa kukubali. Kikombe kikazunguka. Siku hiyo, alisema, aliigiza kuliko siku zote za maisha yake. Alimlilia mke ambaye hakuwahi kuwa mama wa kijana yule, na machozi yalikuja yenyewe.

Walioana, wakakaa pamoja muda mfupi. Msichana alikuwa na mimba ukuta wa machimbo ulipoporomoka ukamuua kijana.

Wakwe walikuja Makongeni wakiwa wamevaa nguo za kanisa. Walibisha hodi. Mwalimu alifungua, nao wakaingia, hawakuketi. Mzee akasema, "Baba, pole. Tunampeleka lini nyumbani?"

"Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli," Mwalimu alisema. "Ilikuwa pana kama huu mlango. Nikasema, Jumamosi."

Mwalimu akausafirisha mwili mpaka kwao magharibi, kwenye kipande chake cha ardhi. Ndugu yake mkubwa akamvuta kando ya zizi akamuuliza, "Huyu ni nani?" Akajibu, "Ni mwanangu." Wakamzika mahali ambapo Mwalimu alikuwa amejiwekea mwenyewe. Na usiku wa kuamkia safari ya kurudi, akiwa amelala sakafuni kwa ndugu yake, ndipo lilipomjia jambo. Mtoto aliyelelewa katika makao ya mjini angelijuaje tairi la trekta mdomoni mwa kisima? Angeijuaje ile baridi menoni? Hakubuni. Alikuwa anakumbuka.

"Kwa hiyo kuna nyumba," Mwalimu alimaliza kila mara. "Kuna kisima, na pengine kuna mtu anachota maji hapo leo, kila hodi ikipigwa anainua kichwa. Na mimi nimemzika mtoto wake kwa jina langu."

Baada ya hapo aliliweka lile jiwe mlangoni, ili mtu asihitaji kubisha.

Kwa mjane aliendelea kuwa baba. Mtoto alipozaliwa, wa kike, alikwenda na kuku. Kila Krismasi alipeleka unga na kitambaa. Mtoto alijifunza kumwita Guka, yaani babu. Nilimuuliza mara moja kwa nini hamwambii ukweli, yeye asiyeweza hata kumficha mama wa mboga tumbo linalouma. "Mchezo ule haujaisha," akasema. "Nani anatoka jukwaani wakati mwenzake bado anazungumza?"

Mwaka uliopita nilirudi kutoka mpakani nikamkuta anafunga vitu katika magunia. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Magoti yamekwisha, akasema, na ukumbi umepata kwaya. Lakini kilichonishtua ni kwamba nilipofika alikuwa anatembea chumbani akizungumza peke yake. Alisimama, akarudia sentensi, akabadilisha neno moja, akairudia tena. Mtu aliyewafukuza wanafunzi kwa kuja na maneno mfukoni alikuwa anafanya mazoezi.

"Mwanangu, nina neno la kukueleza ambalo..." Akaniona. Hakuona haya. "Nisindikize Mwihoko, kwa yule mjane," akasema. "Nikienda kwetu na hili, kile kisima kitafukiwa. Hakuna mwingine anayekijua."

"Mimi nakijua."

"Wewe hukai mahali."

Mjane alipanga chumba kimoja katika ploti kubwa ya ghorofa, chini, mlango wake ukiangalia kamba za nguo. Alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa karibu na mlango, penye mwanga. Alituona kabla hatujasema kitu, akainuka, akaondoa vitambaa kwenye kochi. "Baba! Na hukupiga simu? Karibuni, ingieni." Chumba kilikuwa kimegawanywa kwa pazia la maua. Nyuma yake binti alikuwa anasoma kwa sauti ya kunong'ona.

"Salimia Guka!"

"Shikamoo Guka," sauti ikasema kutoka nyuma ya pazia. "Namalizia hesabu."

Chai ikaja. Mwalimu hakuinywa. Aliweka kofia yake juu ya goti akaanza. "Mwanangu, nina neno la kukueleza ambalo..." Akasahau. Niliona kabisa likimpotea, kama wale wanafunzi wake.

Mjane aliketi kwenye stuli ya cherehani. Alishusha sauti. "Baba, kama ni lile la kisima, mimi nalijua."

"Lipi?"

"Kwenu hakuna kisima. Siku ya mazishi niliizunguka nyumba yote nikitafuta mahali pa kunawa uso. Nikaambiwa maji huchotwa mtoni." Alikuwa anakunja kitambaa cha buluu, anakikunjua, anakikunja. "Na wale mama waliokuja kulia. Kila mmoja alisimama kwanza msalabani akasoma jina, halafu ndipo akalia. Nikasema moyoni, hawa hawamjui mume wangu. Hakuna anayemjua hapa."

"Na hukusema."

"Nikaseme wapi? Nilikuwa na mtoto tumboni na mume ardhini. Na mtu mmoja tu alikuwa amesema, huyu ni wangu. Nikakukubali." Akatabasamu kidogo. "Si umekuja Krismasi zote hizo? Baba ni nini kingine?"

Nilipumua. Nilidhani limekwisha. Nilidhani tutakunywa chai sasa, na mzee atakwenda kwao akiwa mwepesi. Lakini Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa.

"Kisima hakikuwa changu," akasema. "Hilo ndilo neno. Kisima kilikuwa chake. Aliniomba nikiweke. Nyuma ya nyumba, chenye tairi la trekta mdomoni. Alikikumbuka. Mimi yote niliyosema siku ile yalikuwa ya kwangu, isipokuwa hicho."

Mikono ya mjane ikasimama. Hili hakulijua. Niliuona uso wake ukifanya kitu ambacho sijawahi kukiona jukwaani: alikuwa mjane kwa miaka yote ile, na sasa alikuwa anafiwa na mtu mwingine, mtoto mdogo aliyewahi kuchungulia ndani ya maji.

"Alikuwa na kwao," akasema.

"Alikuwa na kwao."

Nyuma ya pazia kunong'ona kulikuwa kumekoma. "Guka," binti akaita. "Kiko wapi hicho kisima cha baba?"

Mwalimu akafungua mdomo. Namjua mzee yule. Nilijua angeweza kukipata. Angekiweka Webuye, au Mwea, au kando ya barabara yoyote, na kukizungushia mti na mbuzi na bibi mwenye kitambaa cha manjano, na mtoto angelala nacho usiku huo. Niliona vyote vikimjia usoni, na nikamwona akiviacha vipite.

Mjane hakuwahi kukanyaga ukumbi wa Makongeni. Alimgusa tu mzee kwenye mkono wa koti. "Mjibu, Baba," akasema. "Umeulizwa."

"Sijui," akasema Mwalimu.

Akainuka. Magoti yalimsumbua, akajisukuma kwa kochi. Alichukua kofia yake, akapita kando ya cherehani, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukajifunga.

Binti akachomoza kichwa pembeni ya pazia, kalamu mkononi. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka. "Guka amekasirika?"

"Hapana," nikasema. Nilikuwa wa pekee mle ndani aliyejua sheria: aliyesema sijui hutoka nje akabishe upya.

Tulikuwa tunaona miguu yake kupitia ule uwazi chini ya mlango. Viatu vilisimama pale muda mrefu. Nje mtu alikuwa anaanua nguo. Kisha akabisha.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kufika hapo.

"Nani?" binti akauliza.

Hakujibu. Mjane alikiweka kile kitambaa juu ya cherehani, akainuka, akajinyoosha nguo kama mtu anayetazamia wageni kutoka mbali.

"Karibu," akasema.